Vyombo vya Muziki vya Kuchukua Safarini

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa walimu, wazee na wanakijiji. Twaipiga chapa hapa kwa kuwa wengi waliohudhuria walitaka kuisoma tena kwa nafasi yao.



 Tumeombwa tueleze jambo ambalo wengine wataliona kuwa dogo, nalo ni hili: mtu apendaye muziki, naye hana umeme wa kutegemea nyumbani wala fedha nyingi mfukoni, achague chombo gani cha kusikilizia awapo shambani, njiani au barazani pake? Kama jambo hili lingekuwa dogo kweli tusingalisimama hapa. Twajua nyumba zilizouza mbuzi ili kununua sabufa, na mwezi wa pili sabufa ile ikawa mahali pa kuku kulala. Twajua na vijana ambao wakiitwa kwa jina hawageuki, si kwa utovu wa adabu, bali kwa kuwa masikio yao yameanza kuchoka kabla ya wakati. Tena tunayo habari ya mzee mmoja na kaseti zake, ambayo ndiyo iliyotusukuma kuikubali kazi hii. Hiyo tutaieleza mahali pake.

Chombo cha muziki hutakiwa mambo matatu. Hutakiwa kitoe sauti njema, iliyo karibu na ile iliyotoka kinywani mwa mwimbaji. Hutakiwa kiwe chepesi kuchukua na kisiwe na taabu katika kukitumia. Tena hutakiwa kiwe cha bei ambayo mtu aweza kuilipa, wala gharama yake isiendelee kumla kila mwezi. Mambo haya ni kama ndugu watatu waliolala chini ya blanketi moja: huyu akijivutia, yule hubaki wazi. Tangu vyombo hivi vilipoanza kutengenezwa, hatujaona fundi aliyeweza kuwafunika wote watatu sawasawa. Basi hekima haiko katika kutafuta chombo kisicho na upungufu, maana hakipo. Iko katika kujua ni lipi tutakaloliacha, na kuliacha mahali ambapo twaweza kulirudia.

Wazee waliomo humu watakumbuka kinanda cha santuri, au walau watakumbuka kusimuliwa habari zake. Vile vya kwanza vilikuwa vikubwa, vyenye pembe iliyofunguka kama ua la boga, vikakaa katika vyumba vya matajiri. Mwaka 1914 kampuni moja ya London ilitoa kinanda kidogo kilichoitwa Decca, chenye kufungwa kama sanduku la safari, na askari wa Uingereza walikwenda nacho mpaka mahandakini katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1931 kampuni ya HMV ikatoa kile cha namba 102, ambacho wajuzi wengi hukihesabu miongoni mwa vilivyo bora vya namna yake. Hakikutaka umeme wala betri: mtu hutia ufunguo, kamani ikakaza, na santuri ikazunguka mara 78 kwa dakika. Uzito wake ulikuwa karibu sawa na theluthi ya debe la maji. Huo ndio wepesi wa siku zile!

Na hapo hatujahesabu santuri zenyewe. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 hutoa muziki wa dakika tatu hivi. Anayetaka muziki wa saa moja hana budi kuchukua santuri 10, ambazo zapata kilo mbili, nazo zikianguka huvunjika kama kigae. Bibi Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kuimba mbele ya mashine za HMV, mashairi yake yalipaswa kuenea katika dakika hizo. Wimbo ambao karamuni ungeweza kuchukua robo saa, kwa kurudiwa na kuitikiwa, hufupishwa, au hukatwa vipande viwili, kimoja upande huu na kimoja upande wa pili. Sauti nayo ilipungua. Sikio zima la kijana husikia mitetemo tangu 20 hata 20,000 kwa sekunde. Santuri za miaka ile hazikupita sana 5,000. Milio myembamba ya chembe za shaba katika tari ilibaki Bombay.

Walakini watu waliridhika, nasi twaona walikuwa na haki. Sauti ya mwanadamu yenyewe, pamoja na maneno yake, aghalabu hukaa chini ya mpaka ule, na maneno ndiyo waliyoyataka. Tena santuri moja ikipigwa barazani ilisikilizwa na mtaa mzima, hata gharama yake, ikigawanywa kwa masikio, ilikuwa ndogo.

Lipo jambo moja la kinanda kile ambalo twaomba mlishike, maana litarudi. Sindano yake ilikuwa ya chuma, na kopo la sindano liliandikwa kwamba kila moja itumike kwa upande mmoja tu, kisha itupwe. Wengi waliona huo ni ubadhirifu. Sindano moja ikapiga nyimbo kumi, ikapiga ishirini. Kumbe ncha ikisuguliwa huchongeka pembeni ikawa kama patasi, na kila inapopita huyachimba yale mapito membamba yenye sauti. Mtu aliokoa sindano ya thamani ya senti, akaharibu santuri ya thamani ya shilingi kadhaa, na sauti iliyochimbwa hairudi tena.

Sasa tuwapeleke Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu mwaka 1964 huitwa Zambia, kwa sababu huko mambo matatu tuliyoyataja yalipimwa kwa akili kuliko mahali pengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili kilikuwako kituo cha redio mjini Lusaka kilichosema na watu kwa lugha zao na kupiga muziki wao, lakini watu wenyewe hawakuwa na redio. Zilizokuwako zilikuwa za bei kubwa mno, na nyingi zilitaka umeme. Bwana Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari, aliwaendea watengenezaji akiwaomba redio ndogo ya mtu wa kijijini, mpaka kampuni ya Ever Ready ya Uingereza ilipokubali. Redio zile za kwanza ziliuzwa mwaka 1949. Ili kuokoa gharama ya kutengeneza sanduku jipya, mitambo yake ilitiwa ndani ya umbo la sufuria ya alumini yenye upana wa inchi 9, ikapakwa rangi ya samawati. Kwa hiyo watu wakaiita redio ya sufuria.

Bei yake ilikuwa pauni 5, na betri yake shilingi 25. Betri hiyo ilidumu muda wa saa 300 hivi. Walimu watakuwa wamekwisha piga hesabu: shilingi 25 ni peni 300, kwa hiyo kila saa ya kusikiliza iligharimu peni moja. Hii ndiyo hesabu ambayo mnunuzi wa leo husahau kuipiga. Huuliza bei ya chombo dukani, asiulize saa moja ya kukitumia itamla kiasi gani.

Angalieni sasa nini kiliachwa. Uliachwa uzuri wa sanduku la mbao. Iliachwa sauti nene, kwa kuwa kipaza sauti kidogo ndani ya sufuria hakiwezi kunguruma. Kilichobaki ni uwezo wa kuyashika mawimbi mafupi toka Lusaka kwa uhakika, na bila hicho redio ni sufuria tu. Franklin na mafundi wale walipunguza mahali ambapo msikilizaji hakuumia.

Habari za transista tutazipita upesi. Ilivumbuliwa Marekani mwishoni mwa mwaka 1947, na mwaka 1954 ikaanza kuuzwa huko redio ya mfukoni iitwayo Regency TR-1, kwa bei ya dola 49.95. Sauti yake ilikuwa nyembamba kama ya mbu ndani ya kopo, lakini iliingia katika mfuko wa shati, na watu waliipenda. Baada ya miaka michache redio za namna hiyo zikaenea duniani kote, hata wachunga ng'ombe wakawa nazo.

Kaseti yataka maneno zaidi, kwa kuwa vijiji vyetu viliishi nayo muda mrefu. Kampuni ya Philips ya Uholanzi iliionyesha Berlin mwaka 1963. Kusudi lake la kwanza lilikuwa kurekodi maneno tu, barua za ofisini na mfano wa hayo, wala si muziki. Utepe wake hauna upana hata wa milimita 4, nao hupita mbele ya kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Mashine kubwa za mafundi wa studio hupitisha utepe kwa sentimita 38. Utepe ukiwa mwembamba na mwendo ukiwa wa pole, sauti hupungua na mvumo kama wa mvua ya mbali husikika nyuma ya wimbo. Hayo yote ni upungufu. Lakini kaseti ilileta jambo ambalo santuri haikuwa nalo kamwe: mtu wa kawaida aliweza kurekodi mwenyewe. Harusi ikachezwa Mombasa Ijumaa, na kabla ya juma kupita nakala zake zikasikika Tanga. Redio kaseti ikawekwa mbele ya mpiga zeze chini ya mwembe, na wimbo ambao hakuna kampuni ingeutaka ukahifadhiwa.

Wengi wetu tulijifunza kwa kaseti ile kanuni ya nakala. Kaseti ya kwanza husikika vizuri; iliyonakiliwa kutoka hiyo hupungua; iliyonakiliwa kutoka ya pili huvuma; na ya tano ni mvua tupu yenye mtu anayeimba ndani yake. Tulijifunza pia kwamba zile za dakika 120, ambazo zilionekana kuwa za faida kwa kuwa zilichukua nyimbo nyingi, zilikuwa na utepe mwembamba mno, ukanyooka na kunaswa. Ni nani humu hajapata kuzungusha kaseti kwa kalamu ili kuokoa betri?

Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ya Ujapani ilianza kuuza chombo kiitwacho Walkman, kwa yeni 33,000. Watu walishangaa kwamba kilikuwa hakiwezi kurekodi wala hakikuwa na kipaza sauti; kilitaka hedifoni masikioni. Lakini kwa kuviacha hivyo viwili, uzito ulishuka mpaka gramu 390, na sauti ikawa bora kuliko ya redio kaseti nyingi zilizokuwa kubwa mara kumi, kwa sababu kipaza sauti kidogo kilicho mlangoni mwa sikio hakihitaji nguvu nyingi. Kilichopotea ni baraza. Santuri moja ilihudumia mtaa. Walkman ilihudumia mtu mmoja. Kwa bahati, ile ya kwanza iliwekewa matundu mawili ya hedifoni, ili wawili wasikilize pamoja.

Sasa tumefika kwenye simu, nayo yategemea jambo lililofanywa na wataalamu wa Ujerumani, ambalo jina lake wengi wenu mmeliona limeandikwa mwishoni mwa kila wimbo: mp3. Jina hilo lilichaguliwa mwezi wa Julai 1995. Kabla ya hapo muziki katika diski ya CD ulihitaji takribani megabaiti 10 kwa kila dakika. Wataalamu wale walitumia udhaifu wa sikio letu. Ngoma kubwa ikipigwa, njuga iliyo karibu nayo hatuisikii kwa nukta ile, ingawa yalia. Basi mashine huitupa njuga, ikaihifadhi ngoma. Kwa kutupa kila ambacho sikio halingekitambua, wimbo hupungua hata kufikia megabaiti moja tu kwa dakika. Mmoja wao, Bwana Karlheinz Brandenburg, alijaribia kazi yake kwa wimbo wa Suzanne Vega uitwao "Tom's Diner", wa mwaka 1987, ambao ni sauti ya mwanamke pekee bila ala yoyote. Alifanya vema kuchagua huo, maana ala nyingi huficha makosa, bali sauti ya mtu peke yake huyafichua yote.

Kiasi cha kupunguza huchaguliwa na anayenakili. Huhesabiwa kwa kilobiti kwa sekunde. Muziki wa CD ni 1,411. Wimbo wa mp3 waweza kuwa na 320, au 192, au 128, na wengine hushuka hata 32. Sisi wenyewe tulikaa watatu barazani, mmoja akapiga wimbo uleule wa 320 na wa 128 bila kutuambia upi ni upi, kwa hedifoni za kawaida, na mara nyingi tulikosea. Tukabadilisha hedifoni tukaweka nyingine njema zaidi, na tofauti yake tuliitambua kabla wimbo haujafika kiitikio. Lakini tulipojaribu wimbo wa 32, hata mtoto wa shule aliyekuwa akipita aliuliza redio hiyo ina ugonjwa gani.

Hapa ndipo mahali pa habari ya mzee tuliyemtaja. Marehemu ndugu yake alikuwa mpiga zeze, akiimba katika mavuno na harusi. Mzee alikuwa na kaseti zake 31, za dakika 60 kila moja, zilizorekodiwa kwa redio kaseti ya nyumbani. Mjukuu wake, kijana mwema asiye na nia mbaya, alitaka babu azisikilize kwa simu. Akazipeleka mjini katika duka la kunakili nyimbo, pamoja na kadi ndogo ya zamani yenye nusu gigabaiti, akataka zote ziingie humo. Mwenye duka alizibana mpaka 32. Tena mashine yake ilikuwa na mkanda wa mpira uliochakaa, utepe ukaenda kwa mwendo usio wake. Kijana alirudi na kadi moja mahali pa gunia la kaseti, akafurahi kwa wepesi ule, na kaseti zikatupwa jalalani.

Mzee alisikiliza kidogo, akaitua simu, akasema: "Huyu si ndugu yangu. Huyu ni mtu anayemwiga."

Tulipoitwa tuone kama kuna dawa, tulipiga hesabu. Kaseti 31 ni saa 31, yaani dakika 1,860. Kwa 128, nyimbo zote zingeenea katika gigabaiti 2. Bila kuzibana hata kidogo, zingechukua gigabaiti 19 hivi, nazo zingeingia katika kadi ya 32, ambayo bei yake katika soko letu haizidi sana bei ya jogoo. Hiyo ndiyo sindano aliyoiokoa. Kilichotupwa na mashine hakirudi. Ukiuchukua wimbo wa 32 na kuuandika upya kama wa 320, umetia maji katika maziwa. Kibuyu kimejaa, lakini maziwa ni yaleyale.

Kwa hiyo shauri letu la kwanza ni kutenga asili na nakala. Asili ihifadhiwe nzima, bila kubanwa, katika kadi mbili zinazokaa nyumba mbili mbalimbali, kwa sababu kadi nazo hufa bila kuaga. Nakala ya kuchukua safarini mwaweza kuibana mpendavyo, maana ikiharibika mtafanya nyingine.

La pili ni kwamba fedha zitumike katika kile kinachogusa sikio. Mtu hununua simu ya bei kubwa kwa ajili ya muziki, kisha husikiliza kwa hedifoni alizopewa bure. Afadhali simu ya wastani na hedifoni njema. Zile za waya, kwa bei ileile, aghalabu hutoa sauti bora kuliko zisizo na waya, tena hazitaki kuchajiwa, na katika simu nyingi waya wake ndio antena ya redio ya FM, ambayo haili bando hata kidogo. Zisizo na waya zina raha yake kwa mtu anayelima au kupanda baiskeli, hatukatai. Lakini betri yake ndogo huchakaa, na ikichakaa hununui betri, wanunua hedifoni upya. Kabla ya kununua, tazameni kama simu ina tundu la mviringo, kwa kuwa nyingi za siku hizi zimeachishwa tundu hilo.

Kuhusu sabufa, msidanganywe na hesabu iliyoandikwa mbele kwa rangi ya dhahabu. Tumeona kisanduku kilichoandikwa wati 5,000. Geuzeni nyuma, msome maandishi madogo yanayosema chombo chavuta wati ngapi ukutani. Tulikuta 30. Chombo kinachokula 30 hakiwezi kutoa 5,000, kama ambavyo mwenye debe moja la mahindi hawezi kusaga magunia mia. Na mtu asiye na fedha ya sabufa, akitaka kusikilizisha watu wanne au watano, aitumbukize simu katika bakuli pana au chungu kitupu. Sauti huongezeka bila senti, ijapokuwa huwa na mlio wa chungu. Redio ya sufuria haikufa yote.

Wanaosikiliza kwa mtandao nao wapige hesabu ya peni. Saa moja ya muziki wa 128 hula megabaiti 58 hivi. Ya 320 hula 144. Anayesikiliza saa mbili kila siku atakula katika siku 30 gigabaiti tatu na nusu, au karibu tisa. Mwenye kuupakua wimbo mara moja na kuuhifadhi hulipa mara moja. Tena, anapokuwa ndani ya basi linalonguruma, kusikiliza 320 ni kazi bure, kwa kuwa injini itaufunika uzuri ule wote alioulipia.

Neno la basi linatupeleka kwenye masikio, na hapa twawaomba wazazi na walimu watusikilize hasa. Shirika la Afya Duniani husema mtu mzima aweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 katika juma bila hatari kubwa. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda hupungua nusu. Ikifika 90, saa 40 zimekuwa saa 4. Ikifika 100, dakika 20 hivi za juma zima. Kwa watoto kipimo hushushwa, wapewa 75. Desibeli hazionekani kwa macho, lakini iko dalili nyepesi: ukiondoa hedifoni ukasikia masikio yanavuma, umekwisha pita mpaka. Na hapa bei huingia tena. Hedifoni duni zisizokaa vema sikioni huruhusu makelele ya nje kuingia, kijana akaongeza sauti ili kuyashinda, akaongeza tena. Zile zinazoziba vizuri humwezesha kusikiliza kwa sauti ya chini, ila asizivae akitembea barabarani penye magari. Mwenye hedifoni za bei ndogo hulipa tofauti ile baadaye, tena halipi kwa fedha. Vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyopokea sauti vikifa havioti tena.

Mmetuuliza tukiingia kama kaseti za mzee zilipatikana. Ishirini na tisa hazikupatikana. Mbili zilikuwa kwa binti yake, alikuwa ameziazima kabla ya mambo yale. Tulitafuta redio kaseti iliyo nzima, tukasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, tukatia mkanda mpya wa mpira, tukaupima mwendo wake kwa kaseti nyingine tuliyoijua. Tukanakili bila kubana, kadi mbili, moja kwake na moja kwa binti. Kisha tukafanya nakala ndogo ya 128 kwa ajili ya simu ya mzee, na mjukuu mwenyewe akamnunulia hedifoni za waya.

Mzee alisikiliza upande mzima bila kusema neno. Ulipokwisha aliuliza kama upande wa pili nao upo.